Namba bila kipimo: hesabu ya dozi na kasi ya dripu wodini

Watoto wawili wamelazwa wodi moja kwa malaria kali. Mmoja ana kilo 19, mwenzake kilo 20. Wa kilo 19 anachomwa miligramu 57 za atesuneti, wa kilo 20 anachomwa miligramu 48. Mwanafunzi wa uuguzi akiiona chati hiyo mara ya kwanza hudhani kuna mtu amekosea, maana mtoto mwepesi amepewa dawa nyingi kuliko mzito.

Hakuna aliyekosea. Tangu 2015, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, na kuanzia kilo 20 kwenda juu miligramu 2.4 kwa kila kilo. Ilionekana kwamba kwa watoto wadogo dozi ya 2.4 ilikuwa inaacha dawa chache mno kwenye damu. Kwa hiyo 19 mara 3 ni 57, na 20 mara 2.4 ni 48. Kuzidisha kwenyewe ni kazi ya shule ya msingi.

Hapo ndipo palipo na jambo ninalotaka kulieleza. Wanafunzi wengi huogopa somo hili wakidhani ni hisabati, wakakesha wakikariri kanuni. Hesabu za dawa zina kuzidisha na kugawanya tu. Kinachopoteza watu ni kwamba kila namba wodini inazungumzia kitu chake: kilo, miligramu, mililita, saa, dakika, matone. Ukiivua namba kipimo chake, 30 ya miligramu na 30 ya mililita zinafanana kabisa, na mmoja kati ya wagonjwa wawili waliopewa hiyo 30 anaweza kufa.

Nitatumia dozi halisi ili mambo yaonekane, lakini anayehudumia mgonjwa afuate mwongozo wa nchi yake na wa kituo chake, pamoja na maandishi yaliyoko kwenye dawa aliyoishika mkononi.

Kutoka kilo hadi mililita

Safari ya dozi ina vituo vitatu. Mgonjwa huyu anahitaji dawa kiasi gani? Dawa hiyo imekaa ndani ya maji kiasi gani? Na maji hayo yaingie kwa muda gani? Kituo cha kwanza hutoa miligramu, cha pili hutoa mililita, cha tatu hutoa mililita kwa saa au matone kwa dakika. Anayeruka kituo ndiye anayepotea.

Turudi kwa watoto wetu. Kichupa cha atesuneti kina unga wa miligramu 60. Unayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha, kama dawa itaingia mshipani, zinaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Jumla ni mililita 6 zenye miligramu 60, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Miligramu 57 ni mililita 5.7, na 48 ni mililita 4.8. Kama dawa itachomwa kwenye msuli, zinaongezwa mililita 2 badala ya 5, jumla inakuwa 3, na kila mililita sasa imebeba miligramu 20. Miligramu 57 zilezile sasa ni mililita 2.85. Dawa ni ileile na kichupa ni kilekile, ila ukolezi umebadilika, na mililita zimepungua kwa nusu. Ndiyo maana agizo linalosema “mpe mililita tano” bila kutaja ukolezi halijakamilika, hata kama limetoka kwa daktari bingwa.

Mwongozo wa atesuneti huruhusu kupandisha hadi mililita nzima inayofuata, hivyo mshipani watoto hawa wangepewa mililita 6 na 5. Tabia hiyo ibaki kwa atesuneti. Ukiihamishia kwa jentamaisini ya mtoto mchanga utamwumiza.

Tuiangalie hiyo jentamaisini kwa karibu, maana inafundisha mengi. Mtoto amezaliwa na kilo 3, ana maambukizi, dozi yake katika wiki ya kwanza ni miligramu 5 kwa kilo, yaani miligramu 15. Ampuli iliyozoeleka ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, sawa na miligramu 40 kwa mililita. 15 gawanya kwa 40 ni mililita 0.375. Jibu ni sahihi, lakini jaribu kuvuta 0.375 kwa bomba la sindano la mililita 2 au 5, ambalo mistari yake haifiki hata huko. Muuguzi mzoefu hapambani na bomba. Anachukua ampuli yote ya mililita 2, anaongeza mililita 6 za maji ya sindano, anapata mililita 8 zenye miligramu 80, yaani miligramu 10 kwa mililita. Dozi sasa ni mililita 1.5, na mstari wake unaonekana bila kukodoa macho. Akivuka mstari kidogo kwa bahati mbaya, kosa lake ni dogo. Kwenye dawa isiyozimuliwa, kuvuka kidogo vilevile kungekuwa kosa mara nne.

Dawa za unga zina mtego mwingine unaopuuzwa sana: unga nao una ujazo wake. Ampisilini ya miligramu 500 huyeyushwa kwa mililita 2.1 za maji, na kinachopatikana ni mililita 2.5. Hizo 0.4 ni za unga. Kwa mtu mzima anayechomwa kichupa kizima haidhuru. Kwa mtoto anayehitaji sehemu tu ya kichupa, aliyeweka maji mililita 2.5 akadhani anayo mililita 2.5 atampa pungufu kila mara, siku zote za tiba. Hivyo tofautisha “ongeza mililita 10” na “kamilisha hadi mililita 10”.

Kanuni inayofundishwa vyuoni ni ile ya kugawanya kinachotakiwa kwa kilichopo, kisha kuzidisha kwa ujazo wa kilichopo. Ni kanuni nzuri, siipingi. Ila aliyeikariri tu, siku akichoka usiku wa manane anaweza kuigeuza juu chini na asishtuke. Mimi napendelea swali moja kabla ya kanuni: mililita moja ya dawa hii ina nini ndani yake? Ukishajibu hilo kwa sauti, yaliyobaki yanajipanga yenyewe. Parasetamoli ya mshipani, kwa mfano, ina miligramu 10 kwa mililita. Mtoto mchanga wa kilo 4 anayepewa miligramu 7.5 kwa kilo anahitaji miligramu 30, ambazo ni mililita 3. Mtu akiisoma 30 kama mililita, amempa mtoto dozi mara kumi, na ini lake ndilo litakalolipa. Kosa hilo limetokea katika nchi zenye hospitali za kisasa kabisa.

Asilimia, uwiano na uniti

Watengenezaji wa dawa hawakukubaliana kuandika ukolezi kwa namna moja, na hilo limewagharimu wagonjwa.

Asilimia maana yake ni gramu katika mililita 100. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50, dawa ya kifafa cha mimba, ina gramu 50 katika mililita 100, yaani nusu gramu kwa mililita. Ampuli ya mililita 10 ina gramu 5. Mama anayedegedeka, kwa utaratibu unaotumika sana kwetu, huanza na gramu 4 mshipani zikiwa za asilimia 20, zikiingia taratibu kwa dakika 5 au zaidi. Gramu 4 kutoka dawa ya asilimia 50 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 zenye gramu 4, ambayo ndiyo asilimia 20. Kisha gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, na hizi zinabaki za asilimia 50, yaani mililita 10 kila upande, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kupunguza maumivu. Dawa moja, mgonjwa mmoja, saa moja, na kuna asilimia za aina mbili mezani, 20 na 50. Hapo ndipo bomba lisiloandikwa linapokuwa hatari: mililita 10 za asilimia 50 na mililita 10 za asilimia 20 ni maji meupe yanayofanana, lakini la kwanza lina gramu 5 na la pili gramu 2.

Adrenalini kwa miaka mingi iliandikwa kwa uwiano: 1 kwa 1,000 na 1 kwa 10,000. Ya kwanza ina miligramu 1 kwa mililita, ya pili miligramu 0.1. Sifuri moja ya ziada inamaanisha dawa dhaifu zaidi, kinyume na akili inavyotarajia katika dakika za kuhangaika na mgonjwa. Marekani iliachana na uandishi huo kwenye lebo za dawa za namna hii mwaka 2016, lakini ampuli zenye maandishi ya uwiano bado unakutana nazo. Ukiziona, geuza kwanza kuwa miligramu kwa mililita, hata kama ni kwa kunong'ona.

Insulini nayo huhesabiwa kwa uniti, kwa kawaida 100 katika kila mililita, na ina bomba lake lenye mistari ya uniti. Uniti 10 ni mililita 0.1 tu. Ukikosa bomba lake, usijaribu kukisia kwa bomba la kawaida, katafute bomba. Na andika neno “uniti” kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa haraka nyuma ya 10 imeshasomwa kama sifuri, na 10 ikawa 100. Kwa sababu hiyohiyo, andika 0.5 wala si .5, na andika 5 wala si 5.0, maana nukta hupotea kirahisi kwenye karatasi iliyolowa.

Kwa Waswahili kuna mengine mawili yanayotuhusu wenyewe. Muuguzi aliyesomea Goma au Bujumbura amefundishwa kwa Kifaransa kuandika 1,5 pale ambapo wa Dodoma au Nakuru anaandika 1.5. Wakikutana kituo kimoja, mmoja anaona moja na nusu, mwingine anaweza kuona alama ya maelfu kwenye 1,250. La pili ni saa zetu. Agizo la simu kwamba mgonjwa “achomwe saa mbili”, likaandikwa 2:00, linaahirisha au kuwahisha dawa kwa saa sita. Atesuneti inapotakiwa saa 12 baada ya dozi ya kwanza, saa sita si kitu kidogo. Sema saa mbili usiku, andika 20:00.

Kasi ya dripu

Dripu ya kawaida haina mashine. Ina chupa, chemba, gurudumu la kubana mrija na jicho la muuguzi. Jambo la kwanza kuliangalia liko kwenye pakiti ya seti yenyewe: imeandikwa matone mangapi hufanya mililita moja. Seti nyingi za watu wazima tunazotumia ni za matone 20. Ile ya watoto yenye kachupa kenye mistari, soluseti, ni ya matone 60. Zipo pia za 10 na 15.

Hesabu ni hii: mililita zote, zidisha kwa matone ya seti, gawanya kwa dakika zote. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, matone 41.7, tuseme 42 kwa dakika. Ukiitazama vizuri hesabu hiyo, ina njia fupi ndani yake. Kwa seti ya matone 20, chukua mililita kwa saa ugawanye kwa 3, kwa sababu 60 gawanya kwa 20 ni 3. Mililita 125 kwa saa gawanya kwa 3 ni 42 ileile. Kwa seti ya matone 60 mambo ni mepesi zaidi: mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika, bila kugawanya chochote.

Chukua mtoto wa miezi 8, kilo 6, aliyeishiwa maji kabisa kwa kuharisha. Mpango C wa Shirika la Afya Duniani unampa maji ya dripu yaitwayo ringa lakteti, mililita 100 kwa kilo: 30 kwa kilo katika saa ya kwanza, na 70 kwa kilo katika saa 5 zinazofuata. Saa ya kwanza ni mililita 180, matone 60 kwa dakika kwa seti ya 20. Baada ya hapo mililita 420 kwa saa 5, yaani 84 kwa saa, matone 28 kwa dakika. Kwa saa ya ukutani, hayo ni matone 7 kila sekunde 15. Sasa zamu ibadilike, seti ivuje, aliyeingia aweke soluseti na kuendelea na “matone 28” yaliyoandikwa kwenye chati. Mtoto huyu sasa anapata mililita 28 kwa saa badala ya 84. Matone yanahesabika sawasawa, chati inapendeza, na mtoto anazidi kukauka. Kwenye chati, mililita kwa saa ndiyo inayobaki kweli hata seti ikibadilishwa; matone yaandikwe pembeni yake pamoja na aina ya seti.

Mtoto aliyefika mwaka mmoja hupewa 30 zile za mwanzo kwa nusu saa. Wa kilo 10 anahitaji mililita 300 kwa dakika 30, ambayo ni matone 200 kwa dakika. Hakuna jicho linalohesabu hayo. Hapo achana na matone, fungua mrija, tazama mistari ya chupa. Na hata kwenye kasi ndogo, matone peke yake hayatoshi: mgonjwa akikunja mkono au chupa ikiinuliwa, kasi inabadilika. Wauguzi wazuri hubandika plasta kando ya chupa na kuandika juu yake, kwa kalamu, maji yanatakiwa yawe yamefika wapi kila saa. Anayepita kitandani anajua hali bila kutoa saa mfukoni.

Kipimo kinachoogopwa zaidi ni mikrogramu kwa kilo kwa dakika. Mgonjwa wa kilo 60 ameandikiwa dopamini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika. Una ampuli ya miligramu 200, umeikamilisha kuwa mililita 500. Futa vipimo kimoja kimoja. Kilo kwanza: 5 mara 60 ni mikrogramu 300 kwa dakika. Dakika: mara 60, mikrogramu 18,000 kwa saa, ambazo ni miligramu 18. Ukolezi: 200 gawanya kwa 500 ni miligramu 0.4 kwa mililita. 18 gawanya kwa 0.4 ni mililita 45 kwa saa, matone 15 kwa seti ya 20. Dawa ya namna hii inastahili pampu pale ilipo, ila hesabu ni hiyohiyo. Ijaribu kwa njia nyingine: mikrogramu 300 kwa dakika, kila mililita ina mikrogramu 400, kwa hiyo mililita 0.75 kwa dakika, mara matone 20, ni 15. Njia mbili zikikutana, una haki ya kuiamini namba yako.

Kukagua

Mwaka 2006, katika hospitali ya saratani mjini Edmonton, Canada, mama mmoja aliwekewa fluorourasili, dawa ya saratani, miligramu 5,250 iingie kwa siku 4 kupitia pampu ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Kasi sahihi ilikuwa mililita 1.2 kwa saa. Pampu iliwekwa 28.8. Aliyehesabu aligawanya kwa siku 4 akasahau kugawanya kwa saa 24, na muuguzi wa pili aliyekagua hakulinasa kosa. Dawa ya siku nne ikaisha kwa saa nne. Yule mama alifariki wiki tatu baadaye.

Kinachonisikitisha ni kwamba 28.8 ilikuwepo kwenye lebo. Iliandikwa kama mililita kwa saa 24, na 1.2 kwa saa ikawekwa kwenye mabano. Kwa hiyo aliyepata 28.8 kwenye kikokotoo alitazama lebo, akaikuta namba yake, akaamini amethibitishiwa. Namba ilikuwa sahihi. Kipimo chake ndicho hakikuwa.

Uhakiki wa kweli, basi, hauwezi kuwa huu unaosikika wodini kila siku:

“Sista, nihakikishie, nimepata 28.”

“Ehee, 28, sawa. Saini wapi?”

Ukishatajiwa jibu, akili inalitafuta jibu hilo. Wa pili apewe chati na dawa, ahesabu peke yake, ndipo walinganishe. Ni dakika mbili zaidi, na kwa insulini, heparini, potasiamu, magnesiamu na dawa zote za watoto wachanga sioni sababu ya kuziruka hata wodi ikijaa.

Kuna swali jingine lisilohitaji mwenzako wala kikokotoo: hiki nilichoning'iniza kitaisha lini? Mililita 115 hivi kwa kasi ya 28.8 kwa saa zinaisha kwa saa 4. Agizo linasema siku 4. Swali hilo lilitosha kulikamata kosa lile. Kwa sindano, swali pacha lake ni: nahitaji ampuli ngapi? Jibu likiwa kufungua ampuli sita kwa mtoto mmoja, simama. Dozi nyingi za kawaida hutoka kwenye ampuli moja au mbili, na wanaotengeneza dawa wamezipima hivyo makusudi.

Hata namba ikiwa sahihi kila upande, bado kuna mgonjwa wa kutazamwa. Mama yule wa magnesiamu anatakiwa kuchomwa gramu 5 nyingine kila saa 4, mililita 10 za asilimia 50, hesabu ambayo haihitaji hata karatasi. Kabla ya kila dozi, anahesabiwa pumzi, ziwe angalau 16 kwa dakika. Goti linagongwa, na mguu uruke. Mkojo unapimwa, uwe angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Dawa hii hutoka kwa figo, na figo zikichoka, dozi ileile iliyomwokoa asubuhi inarundikana hadi kuzuia pumzi jioni. Kimoja kikikosekana, sindano inasubiri. Na kando ya kitanda inawekwa kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, ikiwa na bomba lake tayari.